Lusweti Haitwi

Kwenye gemu walikuwa sita, lakini Jumanne hiyo, saa tisa na nusu alasiri, Tevin alihesabu pumzi za watu saba.

Hakushtuka. Tevin na kushtuka wapi na wapi? Alirekebisha hedifoni kichwani, akapandisha sauti, akasikiliza upya. Ya Chepng'etich, kiongozi wa kikosi, aliijua: anapumua kwa pua kama mtu aliyechoshwa na dunia. Ya Willis, rafiki yake wa sokoni Shinyalu, nani asiyeijua, jamaa anatafuna mahindi ya kuchoma maiki ikiwa mdomoni. Kulikuwa na wale watatu wa mbali wasiosema sana, na yake mwenyewe. Ya saba ilikuwa nyembamba. Iliingia kwa taabu na kutoka kwa taabu, kama hewa inayopita kwenye mpira wa maji uliokanyagwa.

"Willis, wacha ujinga," alisema.

"Ujinga gani, na mimi nakula?"

Kisha mvua ya Kakamega, ambayo saa hizo hufika kazini kila siku kuliko mwalimu mkuu yeyote, ikaanza kupiga mabati, na pumzi zote zikazama humo. Tevin akasahau. Watu wa aina yake husahau upesi, na bili hupelekewa wengine.

Tumjue basi. Alikuwa na miaka ishirini. Shule aliiacha kidato cha pili baada ya kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba hajawahi kuona hesabu ikimpatia mtu mke. Aliishi kwenye simba, kile kibanda cha kijana nyuma ya nyumba ya bibi yake, Kukhu Nasambu, pamoja na kitanda kimoja, kompyuta ya mtumba na mdomo mkubwa. Kutwa alitembea na hedifoni shingoni, waya ukining'inia kifuani kama tai ya bwana harusi.

Kwenye gemu hakuwa Tevin. Alikuwa Mzee Pembe, mganga wa Wakombo, watu wenye vichwa vya fahali na ngozi ya majivu wanaoishi chini ya mlima wa moto. Kabla ya kila vita mganga wa Wakombo hutikisa kibuyu, huimba, na kuwaita wafu waje kusaidia. Kikosi chao kilikuwa na sheria moja tu: ukishaingia, wewe si wewe. Unaongea kama mhusika wako, unacheka kama yeye, unaogopa kama yeye. Ukisema "ngoja nikojoe" badala ya "Mzee anaitwa na mto", unatolewa. Walicheza alasiri kwa sababu Chepng'etich alikuwa na zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta huko Eldoret.

Balaa lilianza siku moja kabla, Jumatatu.

"Mzee Pembe," Chepng'etich alisema, "pepo zako zinachosha. Jana umeita pepo anaitwa Kupe. Juzi uliita Minyoo. Kwani unasoma chupa za dawa ya ng'ombe?"

Willis alicheka hadi akapaliwa. Tevin aliitazama chupa ya dawa ya ng'ombe dirishani, akaigeuza ikaangalia ukuta.

"Kuna mganga wa Kitale anataka nafasi yako," Chepng'etich akaendelea. "Huyo akiita wafu analianga machozi kabisa. Kesho usiponisimamisha nywele, nafasi ni yake."

Sasa, unaweza kumwambia Tevin hana kazi, hana masomo, hana ndevu. Atacheka. Lakini kumwambia hana nafasi kwa Wakombo ni kumvua nguo sokoni. Alizima kompyuta, akaenda nyumba kubwa kutafuta chai na hasira za kumwagia mtu.

Mle ndani dada yake Mitchel alikuwa ameketi kitandani na mtoto wake wa kiume wa siku nane, ambaye hakuwa na jina. Mtoto alikuwa akilia kidogo, kilio cha kawaida cha mtu mwenye njaa asiyejua mezani ni wapi. Kukhu Nasambu alikuwa ameinama juu yake, akimtafutia jina kwa njia ya watu wa kwao: unawataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule anayetaka kurudi, akitajwa, mtoto hunyamaza na kunyonya.

"Makokha," Kukhu alinong'ona. "Kama ni wewe, mwili uko hapa. Maziwa yako hapa. Ingia unywe."

Mtoto alilia.

"Si yeye. Apite salama. Wanjala, kama ni wewe, mwili uko hapa. Maziwa yako hapa. Ingia unywe."

Mtoto alilia. Tevin, mlangoni, kikombe mkononi, aliacha kunywa. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesimama. Maneno ndiyo haya, alijiambia. Kitale atajua hajui.

"Kukhu," Mitchel akauliza, "na yule mtoto wako wa kwanza, si anaitwa Lus..."

Kiganja cha Kukhu kilimfunga mdomo kabla jina halijakamilika.

"Huyo haitwi," Kukhu alisema polepole. "Huyo hata ukimwota, amka uteme mate. Umenisikia, mama?"

Kijiji kizima kilijua kwa nini, Tevin akiwemo. Lusweti, kifungua mimba wa Nasambu, alikuwa na fahali wa kupigana. Alimlea tangu ndama, akamnywesha pombe ya busaa, akamwimbia, akalala naye zizini. Jumamosi moja fahali alishindwa mbele ya watu, akageuka, akakimbia. Jioni ile ile Nasambu akamuuza kwa mchinjaji bila kuuliza, akarudi na kilo mbili za nyama, akapika, akamwandalia mwanawe na obusuma, ule ugali wa kwao. Lusweti alikula hadi akalamba vidole. Ndipo mama alipomwambia anakula nani, tena kwa kicheko, ili awe mwanamume aache kulala na ng'ombe.

Asubuhi walimkuta zizini, kamba ya fahali shingoni.

Mtu akifa kifo hicho haliliwi. Zizi lilibomolewa likachomwa. Na maiti ilichapwa fimbo, ili isirudi kufundisha wengine. Fimbo ya kwanza hupewa mama. Nasambu alichapa moja, wazee wakamwambia haijasikika, akachapa tisa. Wakamfukia nyuma ya migomba bila msalaba, na jina likafungiwa huko huko.

Mwenye akili akisikia "haitwi" huenda zake. Tevin alisikia "haitwi" akamwona Chepng'etich akishika mikono yake kwa baridi.

Basi Jumanne, saa tisa, Mzee Pembe alisimama mbele ya mlima wa moto, akatikisa kibuyu, akakiacha kimya kitandae. Kisha akaita kwa ile sauti ya kunong'ona ya bibi yake, na kwa kuwa Tevin hawezi kupika bila kuzidisha chumvi, akaongeza ya kwake.

"Lusweti, mwana wa Nasambu. Wewe uliyekula rafiki yako ukalamba vidole. Wewe uliyechapwa ukiwa mfu kama mbwa mwizi. Mwili uko hapa. Maziwa yako hapa. Ingia unywe."

Hata Willis aliacha kutafuna.

"Aki, Mzee Pembe," Chepng'etich alisema mwishowe, sauti ndogo. "Mikono yangu yote nywele zimesimama. Nafasi ni yako."

Tevin aliegemea kiti akatabasamu kama chifu. Hapo ndipo alipoanza kusikia pumzi ya saba. Na hapo ndipo, ng'ambo ya uwanja, mtoto wa Mitchel alipopiga yowe moja kali, akaendelea.

Hakunyamaza Jumanne. Hakunyamaza Jumatano. Titi akipewa aligeuza uso kana kwamba amepewa kinyesi. Kwenye zahanati walimpapasa tumbo wakasema ni gesi, wakatoa matone. Matone aliyatema. Kukhu aliwaita wafu wote aliowajua, wa upande wa baba na wa mama, wazuri na wachawi, hadi sauti ikamkauka, na kila mmoja alipita zake. Alhamisi asubuhi Mitchel alimfungua nguo amwoshe, akaona mstari mwekundu shingoni, mwembamba, umezunguka kutoka sikio hadi sikio.

Na kulikuwa na harufu. Iliingia na mvua ya saa tisa, ikakataa kutoka nayo: ngozi ya ng'ombe iliyolowa, na busaa iliyochacha. Kukhu Nasambu aliinusa akiwa amesimama na sufuria. Hakuiangusha. Aliiweka chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Nani amemwita?" aliuliza.

Akamgeukia mjukuu wake.

"Tevin. Baba. Ni wewe?"

Hapa kijana wetu alikuwa na mlango wazi mbele yake. Angesema ndiyo, angepigwa na mwiko, hadithi ingekuwa fupi. Lakini alimwangalia dada yake, aliyekonda siku mbili hizo hadi macho yamebaki makubwa kuliko uso, akasema:

"Mimi niko na gemu yangu huko nyuma, Kukhu. Aliyemtaja ni Mitchel. Si ulisikia na masikio yako?"

"Nilitaja nusu," Mitchel alisema. "Kukhu, nusu tu."

"Nusu ya nyoka inaumanga pia," akasema Tevin. Akaona amesema vizuri.

Mitchel alitolewa nyumba kubwa, akahamishiwa jikoni na moshi na kuku. Mtoto akabaki na Kukhu. Mama aliitwa tu wakati wa kujaribu titi, akija akitazamwa mikono kama mwizi, kisha akirudishwa. Tevin alimpelekea blanketi. Tuseme alijisikia vibaya. Blanketi lenyewe lilikuwa limetoboka.

Alasiri hiyo alirudi kwenye gemu ili asisikie kilio. Aliingia, na Mzee Pembe hakumtii. Akibonyeza aende mbele, hakwenda. Akibonyeza atikise kibuyu, hakutikisa. Alisimama tu ukingoni mwa mlima, kichwa kizito cha fahali kimelala begani, kana kwamba shingo haina mfupa. Kwenye orodha ya wachezaji palikuwa na majina sita, na chini yake nafasi ya saba, tupu, ikiwaka taa ya maiki.

"Chepng'etich," Tevin alinong'ona, "huyo wa saba ni nani?"

Hakujibiwa. Alimwita Willis. Wapi. Mvua ilikuwa imeshika mabati kwa mikono miwili, na ndani ya hedifoni zile sauti zote alizozizoea, ya pua, ya kutafuna, za wale watatu, zilizimika moja baada ya nyingine kama mtu anayepita akifunga milango, hadi ikabaki ile nyembamba peke yake, karibu sana, ikihema na kukwama, ikihema na kukwama, na juu yake, kwenye boriti za simba yake mwenyewe wala si kwenye gemu, kitu kikaanza kulia krii, krii, kama kamba inayobeba mzigo unaozunguka polepole, na Tevin akajua kwamba asipoinua macho hatakiona, na kwamba kisipoonekana bado kipo.

"Nimekuja," sauti ilisema. "Mwili uko wapi?"

Tevin alilamba midomo. "Huyo hapo. Mzee Pembe. Ana nguvu, ana pembe. Mchukue."

Kamba ililia juu.

"Huyo hana mama," sauti ilisema.

"Lusweti, mimi nilikuwa nacheza tu."

"Mimi sikuwa nacheza. Ulisema kuna maziwa. Kuna mwili mmoja hapo nyumbani hauna mwenyewe. Tena unalelewa na mama yangu."

Tevin alichomoa waya kwenye kompyuta kwa nguvu hadi kompyuta ikasogea. Skrini ikazimika. Pumzi haikuzimika. Ilibaki masikioni, waya ukining'inia haujashika kitu.

Ijumaa Kukhu alimleta Cleophas kutoka upande wa Isecheno. Mzee mfupi, gambuti za mpira miguuni, ambaye maisha yake yote alipanda miche msituni kwa mshahara na kuwarudisha wafu makaburini kwa kuku. Alifika saa nane, akanywa chai kwanza, akala mkate kwanza, huku mtoto akilia kwa sauti iliyokwisha kuwa mkwaruzo. Kisha akainusa hewa mara moja tu.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema. "Ameitwa, tena kwa maneno ya kumpa mwili. Aliyeita ana mdomo. Mdomo huo useme hapa mbele ya mama yake: nilikuita kwa mzaha, na mwili niliokuahidi ni huu wangu. Jina atalichukua yeye. Mtu mzima anaweza kumbeba mfu. Atakohoa, ataota vibaya, lakini ataishi. Mtoto wa siku kumi na mbili hawezi. Jioni haimkuti."

"Ataishi miaka mingapi?" Tevin akauliza.

Cleophas alimgeukia. "Mbona ni wewe unauliza?"

"Nauliza tu, mzee."

Mitchel alitoka pembeni, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Nywele zake zilikuwa na majivu ya jikoni.

"Nipeni mimi," alisema. "Nilikuita kwa mzaha. Mwili ni huu wangu. Chukua, baba mkubwa. Tafadhali chukua."

Walingoja. Mvua ilianza. Mtoto alitoa mkwaruzo mwingine, mfupi kuliko uliotangulia.

"Si huyu," Cleophas alisema. "Anajipa bure. Mfu hakumsikia huyu."

Sasa macho yote yalikuwa sakafuni isipokuwa ya mzee, na ya mzee yalikuwa kwa Tevin. Tevin alisimama karibu na mlango, hedifoni shingoni kama siku zote, waya kifuani, na maneno yote tisa yakiwa yamepangwa mdomoni kama askari, nilikuita kwa mzaha, na yangetoka, tuseme kweli, yalikuwa yanatoka, alikuwa ameshafungua kinywa na Mitchel alikuwa ameinua uso akamwona amefungua kinywa na akaelewa, yote aliyaelewa papo hapo, gemu na uongo na blanketi lililotoboka, ndipo kutoka kwenye zile spika mbili ndogo zilizolala juu ya mifupa ya bega lake ikapanda ile harufu ya ngozi iliyolowa, na sauti, ya upole kabisa, kama ya mjomba anayekusitiri mbele ya watu.

"Nyamaza, kijana wangu. Nani atajua?"

Tevin alifunga kinywa.

"Tevin," Mitchel alisema. "Tevin, ndugu yangu."

"Mimi nilikuwa na gemu yangu," Tevin alisema.

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa rangi ya zambarau. Kukhu Nasambu aliitazama, akamtazama Cleophas, na Cleophas akatikisa kichwa akimkataza. Lakini bibi huyu alishapewa fimbo mara moja akaambiwa hivi ndivyo inavyofanywa, na hakuwa na mkono wa kumzika mwingine.

Aliinama juu ya mtoto. Kwa miaka thelathini na mitatu ulimi wake haukuwa umelibeba jina hilo, na lilitoka limepinda.

"Lusweti," alisema. "Kama ni wewe, mwanangu, mwili uko hapa. Maziwa yako hapa. Ingia unywe."

Kimya kiliingia mara moja, kimya cha mtu aliyefunga mlango nyuma yake. Mitchel alimpakata haraka, na mtoto akageuza uso, akalitafuta titi lake, akanyonya kwa nguvu hadi Mitchel akauma meno. Damu ilirudi mashavuni. Mstari wa shingoni ulififia huku wakiutazama, kama maandishi ya kidole kwenye kioo.

Cleophas alichukua mwavuli wake. Kuku aliyefungwa miguu kwa ajili yake alimwacha hapo hapo.

"Mzee, hujamaliza," Kukhu alisema.

"Mimi hufukuza wageni," alijibu. "Huyu si mgeni tena." Akaingia kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Mtoto aliposhiba, Kukhu alimfunga mgongoni kwa kanga, akaanza kutembea naye chumbani akilia na kucheka pamoja. Ndipo Tevin alipouona ule mkono. Mkono mdogo, usio na ukubwa wa jani la mchai, ulitoka kwenye kanga, ukainuka, ukaushukia mgongo wa bibi. Pa. Mkono wa mtoto wa siku kumi na mbili hauna uzito, lakini Kukhu alisimama. Pa. Alishika ukuta. Tevin alihesabu bila kutaka. Ilipofika tisa mkono ulitulia, na Kukhu alikuwa amepiga magoti bila kutoa sauti, kwenye kanga kukichorwa unyevu mwekundu, mistari myembamba, sambamba.

"Mchukue," alinong'ona. "Tevin, mchukue nipumzike."

"Mpe mamake."

"Mitchel amepitiwa na usingizi, humwoni? Mchukue. Huyo ni baba yako mkubwa sasa. Msalimie."

Tevin alimpokea kwa mikono miwili, mbali na mwili wake, kama anayepokea chungu cha moto. Alikuwa mzito. Mtoto alimtazama, macho safi yasiyo na usingizi, kisha taratibu kichwa kikalala upande mmoja begani, kana kwamba shingo haina mfupa.

"Shikamoo, baba mkubwa," Tevin alisema.

Kile kimkono kikapapasa kifua chake, kikaukuta waya, kikaushika. Kikauzungusha kidoleni mara moja. Kikauzungusha tena. Na hedifoni zikaanza, taratibu sana, kukaza shingoni.